Ndiyo Asiyoisema Pei-chin

Helmeti ilimteleza Pei-chin ikamziba macho katikati ya mzunguko wa barabara, mbele ya mkokoteni wa mapera. Akakamata breki zote mbili. Skuta ililia kama paka aliyekanyagwa mkia, ikasimama karibu kabisa na gurudumu la mkokoteni. Muuzaji alimtazama, akayatazama mapera yake, kisha akasema, "Dada, ukitaka mapera si useme tu?"

Mavyaa wake, Bi Kim-chu, aliyekuwa amepakiwa nyuma, hakucheka. Alishuka taratibu kwa ajili ya magoti yake, akaizunguka skuta, akaigonga helmeti ya Pei-chin kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Marehemu ndiye aliyekuwa na kichwa kama tikiti," alisema. "Chako wewe ni embe. Unavaa ya nini? Kanunue nyingine leo hii, kabla hatujazikwa na mapera."

Pei-chin hakubisha. Nyumbani kwao, kwenye uchochoro nyuma ya soko la nguo pale mjini Chiayi, maneno yalikuwa machache na mengi yake yalikuwa na miiba. Mumewe, Chih-yuan, alikufa kwa ugonjwa wa figo, na hawakujaaliwa mtoto. Baada ya msiba majirani walitegemea mkamwana yule afungashe arudi kwao. Hakufungasha. Aliendelea kupika vyakula vya mchana katika duka lililotazamana na stesheni ya reli, na kila asubuhi alimpakia mavyaa wake kwenda sokoni, au zahanati kukandwa magoti. Hakuna aliyemuuliza kwa nini alibaki, na yeye mwenyewe hakujiuliza.

Helmeti ile ilikuwa ya marehemu. Ilikuwa ya wazi, mfano wa bakuli, sponji yake imeliwa na jasho la miaka. Upepo uliingia chini ya masikio ukavuma kama mafuta yanayokaanga samaki, na katika kila tuta helmeti ilidunda, ikainama mbele, ikarudi nyuma. Pei-chin alikuwa ameshaizoea. Akifika kazini masikio yalimlia hadi saa ya kuosha mchele, basi.

Siku hiyo alimwacha Bi Kim-chu zahanati, akaenda dukani kwa Liao.

Liao aliuza helmeti, makoti ya mvua na vioo vya pembeni. Alikuwa rafiki wa marehemu, mtu wa makamo ambaye hakuwahi kuoa, na maneno yake yalitiririka kama redio ya kinyozi. Lakini alipomwona Pei-chin mlangoni alisimama ghafla hadi akamwaga chai yake kwenye kaunta.

"Shem..." alianza, kisha akajikata. "Pei-chin. Karibu. Mama hajambo?"

Pei-chin alishangaa. Tangu siku ya harusi yake, Liao alimwita shemeji. "Hajambo. Nataka helmeti. Hii imetaka kuniua."

Liao aliichukua ile ya marehemu, akaigeuza, akachungulia ndani na kutikisa kichwa kwa huzuni. Kisha akazungusha utepe kwenye kichwa cha Pei-chin, juu ya nyusi na juu ya masikio. 

"Kichwa kirefu," alisema. "Kirefu mbele na nyuma, chembamba ubavuni."

"Embe. Nimeshaambiwa."

Pei-chin alikuwa ameipenda moja rangi ya zambarau, yenye maua madogo ubavuni. Liao alimpa aivae, akamkalisha kwenye kigoda na kumpa chai mpya. "Usiivue. Helmeti ni kama kiatu. Dukani inakuchekea, njiani inakung'ata." Walikunywa chai.  Ilipotimia robo saa paji la uso lilikuwa linamwuma Pei-chin kama limebanwa na koleo, na alipoivua, kioo kilimwonyesha mstari mwekundu.

"Hiyo ni ya kichwa cha mviringo," Liao alisema. "Rangi nzuri haimsaidii mtu."

Akaleta nyingine, nyeusi tupu, ya kufunika uso mzima. Hiyo haikumwuma paji. Lakini ilimbana mashavu mpaka midomo ikachongoka.

"Naonekana kama panya buku aliyeficha karanga!"

"Mashavu lazima yabanwe. Sponji italegea kidogo kidogo, itakufuata uso." Akaishika helmeti kwa mikono miwili, akaitikisa kulia na kushoto, na ngozi ya uso wa Pei-chin ikaenda nayo. "Umeona? Ikizunguka yenyewe ukabaki umetulia, hiyo si helmeti, hiyo ni sufuria." Akafunga mkanda wa kidevuni, akapitisha vidole viwili kupima. Kisha akabonyeza ile sponji nene inayozunguka shingo. "Na hapa ndipo penye siri ya ukimya. Kelele inayokuziba masikio si ya injini, ni ya upepo unaopenya chini. Ukiuzuia upepo, utashangaa jinsi utakavyoyasikia mengine. Nenda, zunguka mtaa, urudi."

Pei-chin alizunguka mtaa, na kweli alishangaa. Alisikia mnyororo wa baiskeli ya mtu aliyempita. Alisikia mtoto ghorofani akikosea wimbo uleule kwenye piano. Alisikia pumzi zake mwenyewe. Alirudi dukani macho yamemtoka.

"Hii," alisema.

Liao alimtolea sponji ya akiba akaiweka kwenye mfuko bila kuulizwa. Akamsindikiza hadi nje. Pale pale kando ya skuta, uso ukiwa umemwiva, alisema kwa sauti ya chini, "Mama aliniambia. Mimi sina haraka. Chukua muda wako."

Pei-chin alidhani anasema habari ya malipo. "Aa, nimeshamaliza, asante," alijibu, akaondoka. Liao alibaki amesimama na kitambaa chake cha kufutia vioo mkononi.

Bi Kim-chu alikuwa akingoja mlangoni pa zahanati. Aliitazama helmeti mpya, akasema, "Sasa umefanana na mwizi wa benki," akapanda. Pei-chin akawasha skuta.

Walipopita taa za pili na kuingia barabara ya mfereji, ambayo haina msongamano, Pei-chin alisikia mtu akiongea. Akatazama kulia akidhani kuna skuta nyingine ubavuni. Hapakuwa na mtu. Akatazama kushoto. Sauti iliendelea, laini, ya kubembeleza, sauti ambayo hakuwahi kuisikia katika nyumba ile.

"...kijana mwenyewe bado mdogo, ananikanda magoti kama anakanda unga, halafu ananiuliza, bibi, unaumia? Nikamwambia, mjukuu wangu, nikianza kukuhesabia ninapoumia, hutakula chakula cha mchana."

Ilikuwa sauti ya mavyaa wake. Kidevu cha bibi kilikuwa karibu na bega lake. Pei-chin nusura acheke. Kumbe huwa anaongea! Miaka yote hii alidhani mwenziwe nyuma amenuna.

"Pei-chin, mwanangu," sauti ilisema.

Hakuwahi kumwita mwanangu. Mikono ya Pei-chin ilikaza usukani.

"Jumamosi gari la yale makazi ya wazee litakuja kuchukua vitu vyangu. Si vingi. Sufuria kubwa nimempa mama wa nyumba ya pembeni, maana wewe unapenda ile ndogo. Nataka nikushukuru. Wakamwana wengine wangeleta unafiki, wangelia, wangenishika miguu, oh mama usiende, na moyoni wanashangilia. Wewe nilikuuliza, nikiondoka utapumua? Ukaitikia kwa kichwa. Nikakuuliza tena wiki iliyofuata. Ukaitikia tena. Nikasema, huyu ni mkweli, hana mambo mawili."

 Barabara ilikuwa mbele yake, mfereji ulikuwa kulia kwake, mikono yake ilikuwa ikiendesha, lakini yeye hakuwapo.

"Na Liao nimeshamwambia kwamba umekubali kuolewa naye. Ana maneno mengi, lakini moyo wake safi. Marehemu mwenyewe hatakasirika, nimeshamuuliza kule hekaluni. Mwanamke hawezi kukaa na kivuli cha maiti mpaka azeeke. Nikishatoka nyumbani, mtakuwa na nafasi."

Pei-chin aliipita kona ya kwao. Akaipita na ya pili.

"Umepita kona," sauti ya nyuma ilisema, sasa kwa ukali ule wa siku zote.

Hakusimama mpaka nyumba zikaisha na mashamba ya mpunga yakaanza. Hapo alikamata breki, akateremka, akaanza kung'ang'ana na helmeti. Haikutoka. Ilimkamata mashavu, ikamkunja masikio, akavuta huku akigeuka geuka kama kuku aliyeingiza kichwa kwenye mtungi. Bi Kim-chu alimtazama kwa hofu.

"Una nini wewe? Nyuki?"

Helmeti ilitoka. Nywele zilimsimama Pei-chin, uso mwekundu. "Umesema nini, Mama?"

"Nimesema umepita kona."

"Kabla ya hapo! Makazi gani? Gari gani la Jumamosi? Liao amekubaliwa na nani?"

 Bi Kim-chu aliitazama helmeti iliyokuwa mikononi mwa mkamwana wake, kisha akamtazama usoni, na rangi ikaanza kumtoka taratibu, kama kitambaa kilichoroweka majini.

"Umesikia," alisema.

"Nimesikia leo. Leo tu, Mama. Miaka yote sijawahi kusikia hata neno moja kutoka huko nyuma. Ile ya zamani ilikuwa inavuma kama kimbunga!"

"Lakini ulikuwa unaitikia."

"Sikuitikia!"

"Nilikuona kwa macho yangu. Nakuuliza, unafanya hivi." Bibi akainamisha kichwa mbele, akakirudisha nyuma.

Pei-chin alielewa.  "Ilikuwa inanichezea kichwani," alisema. "Ilikuwa kubwa. Kila tuta lilikuwa linaiinamisha. Mama, hiyo ilikuwa helmeti."

Bi Kim-chu aliketi kwenye ukingo wa mtaro, magoti na yote, mtu ambaye huwa hakai chini bila kushikwa mkono. Alikaa pale na kofia yake ya skuta ya rangi ya maziwa, miguu imening'inia. Lori la miwa likapita, likawatimulia vumbi, wala hakuna aliyejifuta.

"Nilikuuliza mambo mengi," alisema hatimaye.

"Mambo gani?"

"Ndani ya nyumba siwezi. Nikikutazama usoni mdomo wangu unatoa mawe. Kule nyuma naona mgongo tu. Mgongo hauna macho." Akang'oa unyasi wa mtaroni. "Nilikuuliza kama mchuzi wangu wa bata una chumvi kupita kiasi."

"Hilo ni kweli, Mama."

"Ndiyo maana niliacha kuupika." Akavuta pumzi. "Na wakati wa sikukuu ya kufagia makaburi, mwaka jana, tulipokuwa tunarudi. Nilikuuliza kama unaona ni mimi niliyemuua Chih-yuan. Nilimpa mizizi ya kuchemsha miezi yote ile, nikamwambia hospitali ni ya wenye hofu. Nilikuuliza, wewe unaona ni kosa langu? Ukaitikia."

 Mwaka jana. Tangu mwaka jana mama huyu alikuwa akiamka, akipika uji, akiuweka mezani mbele ya mtu anayeamini kuwa amemhukumu. Akapanda nyuma yake kila asubuhi. Akamshika kiuno ili asianguke. Na yeye mbele, masikio yakivuma, alikuwa akiwaza bei ya mayai.

"Sikusema hivyo," alinong'ona. "Mama, sikusema kabisa."

"Sasa najua." Bi Kim-chu alitazama mpunga. "Nisaidie kuinuka."

Wakapanda, wakarudi. Nyumbani Pei-chin alifungua kabati la bibi akakuta mbao tupu. Nguo zilikuwa zimefungwa katika kitambaa, zimewekwa chini ya kitanda, na fundo lilikuwa limekazwa kama la mtu asiyetarajia kulifungua tena hapa. Akasimama mbele ya kabati lile muda mrefu. Alikuwa akilala chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yao, na hakusikia hata kitambaa kikifungwa.

Kesho yake alikwenda kwa Liao. Alimweleza yote akiwa amesimama, bila kukaa kwenye kigoda. Liao alisikiliza mdomo wazi. Kisha alicheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kile kitambaa cha kufutia vioo, na katikati ya kicheko akakiweka kitambaa kwenye kaunta.

"Kwa hiyo aliyenikubali ni bakuli la plastiki," alisema.

"Nisamehe, Liao."

"Nimeshamwambia dada yangu. Nimeshapaka rangi chumba." Akaketi. "Pei-chin, usinijibu. Nakuomba tu, siku ukitaka kunijibu, iwe ndiyo au hapana, ije kwa mdomo."

Aliahidi. Hakuwa ametegemea kwamba mtu yule angeumia kiasi kile, wala kwamba yeye mwenyewe angejali.

Siku zilizobaki hadi Jumamosi, nyumba ilikuwa kimya kuliko wakati wa msiba. Pei-chin alidhani mambo yameisha. Alikuwa amesema hakusikia, amesema ilikuwa helmeti, na mtu mzima anaelewa. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, aliposikia gari likirudi nyuma kwenye uchochoro, alitoka na ufagio mkononi kumwambia dereva kuwa amepotea njia.

Dereva alikuwa kijana mchangamfu. "Bibi anayeondoka yuko wapi?"

"Hakuna anayeondoka."

"Niko hapa," sauti ilisema nyuma yake.

Bi Kim-chu alikuwa amesimama kwenye kizingiti, amevaa koti lake la bluu la sikukuu, nywele zimechanwa na kubanwa, fundo la nguo mkononi. 

"Mama, unafanya nini? Si nilikwambia?"

"Uliniambia ambacho hukukisikia," bibi alijibu, kidevu juu. "Umekirudia mara nyingi. Sikusikia hili, sikusikia lile. Vizuri. Basi sasa umesikia, na tangu usikie hujasema kitu. Mimi si mtoto, naweza kuhesabu siku zilizopita kimya."

Dereva alitazama viatu vyake. Mama wa pembeni alikuwa ameshachungulia dirishani, sufuria kubwa ikiwa mkononi.

Pei-chin alitafuta maneno. Aligundua, akiwa amesimama na ufagio wake mbele ya majirani, kwamba hajawahi kumwambia mtu yeyote neno la namna hiyo. Si mumewe, si mama yake mzazi. 

"Usiende," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu... nani atanitukana asubuhi?"

"Hilo si jibu."

"Kwa sababu nataka ubaki!" Alipiga kelele hadi mbwa wa mwisho wa uchochoro akabweka. "Nataka ubaki, nilitaka tangu mwanzo, ndiyo maana sikurudi kwetu! Na Chih-yuan hukumuua wewe. Alikuwa na umri wa miaka arobaini, alikuwa na miguu, angeweza kwenda hospitali mwenyewe. Nilimwambia aende, hakunisikia hata mimi. Yule alikuwa mbishi, Mama. Alizaliwa mbishi, na unajua alimrithi nani!"

Fundo lilimponyoka Bi Kim-chu. Alijishika kwenye fremu ya mlango, na uso wake, ule uso wa mawe, ulivunjika mbele ya watu wote, akalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni kisha akaonekana. Pei-chin alishtuka kuliko siku ya mfereji. Hata kwenye mazishi hakuwa amemwona akilia. Aliutupa ufagio akamkimbilia.

Dereva alikunywa chai, akala wali wa bata mzinga, akaondoka na gari tupu. Mama wa pembeni alirudisha sufuria bila kuulizwa, ila kifuniko alisema hakumbuki alikiweka wapi.

Tangu siku hiyo kiti cha nyuma kilinyamaza. Pei-chin alipanda na helmeti yake nyeusi, ambayo sasa ilikuwa imemfuata uso na haibani tena, akasikia baiskeli, mbayuwayu na mabomba ya mvua, lakini sauti ile laini haikurudi. Mara moja, wakingoja taa, aliinua kioo cha helmeti akasema, "Mama, mbona husemi?"

"Niseme nini? Si unasikia siku hizi."

Ilimwuma. Alitamani kumwambia kwamba angeyataka hata yale ya magoti na unga. Taa ikawaka kijani.

Liao alikuja kula nao siku moja ya baridi, akaleta machungwa, akaongea kuanzia supu hadi matunda. Alipoondoka Pei-chin alimsindikiza hadi mwisho wa uchochoro, na hakuna aliyeulizwa kitu.

Karibu na mwaka mpya, jioni, wanawake wawili walikuwa jikoni wakimenya machipukizi ya mianzi, kila mmoja upande wake wa meza. Bi Kim-chu aliweka kisu chini. Akafuta mikono. Akamtazama Pei-chin usoni, sawasawa, na ilionekana jinsi anavyojilazimisha, shingo imemkakamaa.

"Nataka kukuuliza," alisema. "Unanichoka?"

 Pei-chin alitaka kusema hapana upesi upesi, kama mtu anayekamata glasi inayoanguka. Lakini macho yale yalikuwa yakimngoja, naye hakutaka kuyadanganya.

"Siku nyingine, ndiyo," alijibu.

Bi Kim-chu alikichukua tena kisu.

"Mimi pia siku nyingine nakuchoka," alisema. "Hasa unapokata mianzi minene hivyo. Lete hapa."

Pei-chin akamsogezea bakuli.